Kopa ya Tano

Poka aliileta Chinduli kutoka Mtwara mjini,
miaka ile ya gesi, alipokuwa akifua mashuka
ya wageni waliolala mchana.
Alirudi Kitangari na vitu viwili:
redio isiyoshika stesheni
na mchezo wa karata tano.

Tulicheza nyuma ya ghala la chama,
juu ya kreti lililofunikwa gunia,
taa ya simu ikining'inia msumarini.
Dau letu korosho ghafi.
Mimi ndiye mhesabuji, maana mkono huu
umechambua madaraja miaka kumi na moja:
nikiinua punje najua ndani mna kiini au hewa.
Siipasui.

Na watu niliwapima hivyohivyo.
Mchopa akipata jozi hukohoa.
Asumini akidanganya huvuta kanga begani
kana kwamba baridi ya Newala
imemwingia yeye peke yake.
Chinduli hapimiki.
Huzitazama karata zake mara moja tu,
kama mtu asomaye bango njiani,
kisha anaendelea na habari za mbuzi.

Nikanunua daftari, nikapiga mstari katikati.
Kushoto AKILI. Kulia BAHATI.
Kila mkono ulioisha niliuhukumu, nikauandika.
Machi hadi Juni: mikono mia sita na kumi na mbili,
na nilikuwa mbele yao wote,
kidogo tu, haba na haba.
Sikujua kibaba kina tundu.

Usiku ule Mchopa alisema tucheze pesa.
Fundo la kanga yangu lilikuwa na salfa ya msimu mzima,
bado noti, bado haijawa mifuko.
Nikapewa ree ya shupaza, ree ya uru,
ree ya pau.
Sikukohoa. Sikuvuta kanga.
Chinduli akatupa moja, akaomba moja.
Nikajua: anatafuta rangi, ana kopa nne,
na mara nne katika tano atakosa.
Nikafungua fundo.

Kopa ya tano ilikuwa ya tatu,
kikaratasi kidogo, kimechakaa pembeni.

"Ulijuaje?"
"Nini?"
"Kwamba itakuja."
"Sikujua. Imekuja."
Akarudi kwenye mbuzi.

Wanasema ujuzi hushinda. Hushinda, ndiyo,
ila hulipa kwa awamu, kama chama kinavyotulipa,
na bahati hulipa taslimu.
Ujuzi unadai usiku mia sita.
Bahati inadai mmoja, wala haikuambii upi.
Na ili uzifikie hizo mia sita
sharti uwe na cha kupika
asubuhi ya usiku ulioliwa.
Wale wageni walikuwa nacho:
walipoteza mshahara wa mwezi
na mwezi mwingine ulikuwa njiani.

Mikorosho yangu sabini na miwili
ikatoa maua bila salfa.
Ubwiri unga ukashuka juu yake
kama mtu anayepepeta kwa hasira.
Nilikuwa nikitembea humo asubuhi, mikono nyuma,
mchambuzi asiye na cha kuchambua.

Kisha jirani, Nandonde, akakodi pampu.
Alfajiri akapuliza shamba lake, na kusi
ikavusha vumbi la njano mpakani.
Miti yangu kumi na tisa ikapona.

Asumini akasema, Mungu hamtupi mja wake.
Mchopa akasema, ulipanda karibu na mpaka, hiyo ndiyo akili.
Nilipanda pale kwa sababu ardhi iliishia pale.

Jana nimefungua daftari.
Nimeandika "miti kumi na tisa" juu ya mstari wenyewe,
herufi zimebanana, hazisomeki vizuri.

Jioni Chinduli akapita, akauliza kama leo tunakaa.
Nikamwambia alete taa yake.
Yangu haina chaji.